Risasi za Marehemu, Bastola ya Mwanawe

Siku ile bado naiona, mwanangu, siku shemeji yangu Mutua aliposimama kando ya kaburi la baba yake kule Mwala, bastola mkononi, machozi yamemjaa machoni. Wewe ni mtoto wa jirani, lakini nakusimulia kama mama yako, kwa sababu nimesikia umepata leseni ya silaha, na tayari umeanza kupekua risasi kuukuu alizoacha babu yako, unazijaribisha kama zitaingia kwenye yako. Hebu ziweke chini kwanza. Keti, chai iko karibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimeolewa juzijuzi, hata jiko la mama mkwe sijalizoea, moshi unanitesa mpaka wifi zangu wananicheka. Baba mkwe alikuwa askari wa wanyama pori alipokuwa kijana. Alipostaafu aliirudisha bastola serikalini kama inavyotakiwa, lakini risasi chache zilibaki nyumbani. Alizitia ndani ya podo la mishale alilorithi kwa baba yake, akalitundika ukutani, na kila mtu akazisahau. Kwetu Ukambani upinde na podo la baba ni vya mtoto wa kiume wa kwanza, hakuna anayebishana juu ya hilo. Basi mzee alipofariki, podo likawa la Mutua, pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Mutua alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alinunua mifugo kwa Wasomali huko Garissa akaiuza Matuu, na kwa kuwa njia ile ilikuwa na majambazi, naye alipewa leseni ya bastola. Alikuwa mtu mcheshi, mkarimu, akirudi safari watoto wote wa boma wanamkimbilia. Lakini baba yake alipozidiwa, yeye alikuwa mbali, safarini na ng'ombe wake, na simu za mkononi hatukuwa nazo miaka ile. Mzee alikuwa akiuliza, "Mutua amefika?" Tunamjibu yuko njiani. Alikata roho akiuliza. Mutua aliingia bomani akakuta kaburi limeshafunikwa.

Wuui, mwanangu, kilio cha mwanamume yule! Chakula alikikataa. Alikaa nje kwenye kigoda cha baba yake. Hata sasa nikikumbuka moyo unaniuma.

Baadaye ikafanywa misa ya ukumbusho. Maombi yalipoisha, sisi wanawake tukiwa tunapakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Mutua akatoka ndani na lile podo begani. Akasema atampigia baba yake risasi za heshima, kama askari anavyoagwa, tena atatumia risasi za mzee mwenyewe. Sasa risasi hizo hazikuwa za bastola yake. Zilikuwa fupi kidogo, nene kidogo, zinafanana na zake kama ndugu wa tumbo moja. Alizisukuma kwa kidole gumba zikaingia, na kwake yeye hilo lilitosha.

"Mutua, hizo zimekaa sana," akasema baba yake mdogo, Mzee Kilonzo. "Hata rangi zimebadilika. Na si za hiyo bastola."

"Baba mdogo, si umeona zimeingia? Niache nimuage baba yangu."

Nani angemzuia mtu mwenye uchungu namna ile? Akainua mkono juu, akavuta.

Tulikuwa tumeziba masikio kungojea mlio. Badala yake tukasikia "puf", mlio mdogo kama kifuniko cha sufuria kikisukumwa na mvuke. Mtu mmoja kule nyuma akacheka, na mimi nilitamani kumpiga mwiko. Uso wa Mutua ukabadilika. Aibu imemjia juu ya majonzi. Akainua mkono tena, kidole tayari.

Mzee Kilonzo akamrukia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Risasi imeenda wapi?"

"Si imetoka!"

"Imetoka na mlio gani huo? Kama imekwama ndani ya mtutu, ukipiga nyingine hii kitu inakupasukia mkononi. Unataka tukuzike hapa kando yake?"

"Uniachie! Kumzika sikumzika, hata hii pia mnaninyima?"

Wakavutana. Mtutu ukawa unayumba juu ya vichwa vyetu. Tukalala chini sote, na mimi nikajifunika sinia, sijui nilidhani sinia itanisaidia nini. Mama mkwe peke yake hakulala. Alimwendea mwanawe polepole na mkongojo wake, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mutua, baba yako hakutaka kupigiwa risasi. Alitaka tu kukushika mkono. Sasa huo mkono ndio unataka uharibike?"

Mutua akalegeza vidole. Kilonzo akaichukua bastola, akauelekeza mtutu ardhini mbali na watu, akaziondoa risasi zilizobaki. Mutua akamwangukia mama yake. "Mwaitu, mama yangu, nilichelewa. Mwaitu, nilichelewa." Naye mama akimpapasa kichwa kama mtoto: "Najua. Hata yeye alijua uko kazini." Hakuna aliyebaki na macho makavu pale, hata yule mcheka ovyo.

Fundi wa bunduki huko Nairobi ndiye aliyeikagua ile bastola. Alikuta kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu. Akatueleza kwamba baruti ilikuwa imeharibika kwa kukaa, na tena risasi zile hazikutengenezewa bastola ya namna ile, zilipenya tu kwa sababu vipimo vinakaribiana. Ya pili ingekuta njia imezibwa, na chuma kingepasuka. Vidole vingeenda, pengine na macho. Zilizosalia zikapelekwa kituo cha polisi, na podo likarudi ukutani likiwa na mishale peke yake.

Miaka baadaye mama mkwe alipatwa na kiharusi, akawa hajiwezi. Mutua aliacha safari za Garissa akakaa naye. Alimlisha uji mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika bastola, na sisi wake wa boma akatukataza kabisa kumpokonya bakuli. Siku mama alipoaga dunia, alikuwa ameushika mkono huo.

Basi sikiliza, mwanangu. Risasi kuingia kwenye tundu si ruhusa ya kuipiga. Tumia ile tu iliyotengenezewa silaha yako, na ya zamani usiyoijua ilikokaa ipeleke polisi, hata kama ni ya babu. Ukisikia mlio usio wa kawaida, simama, usijaribu tena. Na hewani usipige kamwe, maana risasi itashuka juu ya mtoto wa mtu. Ukiwa na uchungu, mpe mwenzako silaha uje ulie hapa kwangu, sitakucheka.

Mungu akulinde huko uendako. Akuhifadhie macho yako na mikono yako, na mikono hiyo iwe ya kuwatunza waliokuzaa mpaka siku yao ya mwisho.