Karani wa bandari aliyekataa neno la mgonjwa

Saa mbili na nusu asubuhi, na Mwatum Silima ameshaisoma mara tatu orodha ya mabaharia ishirini na wawili wa meli ya jodari iliyotia nanga jana. Kidole chake kinashuka jina baada ya jina. Kila simu ya ofisini inapolia, kidole kinasimama.

"Nasikiliza kama naitwa mie," anasema bila kuinua macho. "Wakisema hospitali, naogopa. Wakisema ghorofani, ndiyo zaidi."

Ghorofani ndiko waliko wakubwa wake. Mwatum, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, ni karani wa bandari mjini Unguja, na kazi yake ya kila siku ni makaratasi ya meli. Lakini inapoingia meli ya Kijapani yeye ndiye mkalimani, kwa kuwa ofisi nzima hakuna mwingine anayeijua lugha hiyo. Hata mjini, kwa anavyojua yeye, hakuna.

"Watu hunambia nna bahati. Mie naona ni mzigo. Nikikosea, nani atanisahihisha? Na nikisingiziwa, nani atanishuhudia?"

Hasemi hayo kwa kukisia. Yameshamfika.

Februari mwaka huu wa 1971, baharia aitwaye Ueda, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, alishushwa kutoka meli ya uvuvi akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Kesho yake asubuhi Mwatum aliitwa hospitali. Kando ya kitanda alimkuta Daktari Matar, na afisa mmoja wa meli aliyekuwa akitazama saa yake kila mara. Meli ilikuwa ing'oe nanga saa nane mchana.

"Muulize maumivu yakoje leo," daktari alimwambia.

Mwatum akauliza. Ueda akatabasamu, akajibu neno moja: "Daijobu."

Afisa akachukua kofia yake.

"Neno hilo ni kama sijambo yetu," Mwatum anaeleza. "Lakini sisi mgonjwa akiulizwa hali husema sijambo, kisha ndiyo akataja kinachomuuma. Wao wanaishia kwenye sijambo."

Aliukazia macho mkono wa yule mgonjwa. Ulikuwa umelikamata shuka mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na miguu hakuinyoosha.

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

"Anasema yu mzima, Daktari. Lakini nakuomba usilipokee neno hilo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mie nshalisema."

Alilisema Kobe, mji wa bandari wa Japani, alikokwenda mwaka 1967 baada ya kupata nafasi ya masomo. Mwaka mmoja na nusu wa mwanzo ulikuwa wa lugha tu, katika chuo kikuu kimoja cha huko, darasa moja na wanafunzi wa Thailand na Indonesia. Kisha ndipo angeanza shahada.

Fedha ya masomo ilitosha chakula na chumba. Haikutosha baridi. Mwatum, aliyezaliwa Makunduchi na kukulia Kikwajuni, hakuwa na koti wala hakujua bei yake. Akaenda kutafuta kazi kwa dobi mmoja aliyefua mashuka ya hospitali, jioni tatu kwa wiki, kwa ujira wa yeni mia moja kwa saa.

"Ndani kuna mvuke, unatoka jasho jingi. Ukitoka nje, theluji. Nikenda nyumbani nguo zimenigandia mwilini."

Januari 1969 alianza kukohoa. Mwalimu alimuuliza hali, akajibu daijobu. Dobi alimuuliza, akajibu vivyo hivyo. Lilikuwa miongoni mwa maneno aliyofundishwa wiki ya kwanza.

"Lilikuwa neno langu bora," anasema. "Nikilitamka bila kosa lolote. Nami nikiogopa, wakijua naumwa watanirudisha kwetu, na kwetu nitasema nini? Wamempeleka msichana mmoja, naye kashindwa."

Aliyemwokoa ni mwenye nyumba, mjane aitwaye Bi Tanabe. Asubuhi moja alimpelekea uji wa mchele, akakaa chini, wala hakumuuliza hali. Alimuuliza: "Kama leo hakuna darasa wala kazi, ungefanya nini?"

"Nikamjibu, ningelala hapa hapa chini nisinyanyuke. Mama wa watu akainuka, akenda kutafuta gari."

Kilikuwa kichomi, na kilikuwa kimeshika mapafu yote mawili. Alilazwa wiki saba. Katikati ya mwaka huo alirejea Unguja na cheti cha lugha. Shahada hakuwahi hata kuianza.

Ndiyo maana asubuhi ile hospitali hakuweza kunyamaza. Alipiga magoti kando ya kitanda cha Ueda na kumuuliza jambo ambalo daktari hakumtuma: "Kama meli isingekuwa inakungoja, ungetoka kitandani leo?"

Ueda aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Itai." Inauma.

Daktari Matar aliuweka mkono tumboni mwa mgonjwa, akabonyeza taratibu, kisha akauachia kwa ghafla. Ueda alipiga ukelele uliosikika wodi ya pili. Haikupita saa moja akawa chumba cha upasuaji.

"Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka," anaeleza Daktari Matar. "Kikipasuka, mara nyingine maumivu hupungua kwa muda, mgonjwa akadhani kapona. Angeondoka na meli ile, sidhani kama angeifikia bandari ya pili."

Meli ilichelewa siku moja, kisha ikaondoka bila ya Ueda. Nyuma yake iliacha barua. Afisa aliandika kwamba mkalimani alimtia maneno mdomoni baharia aliyesema mwenyewe kuwa ni mzima.

Siku ya nne Mwatum aliitwa ghorofani. Watu watatu walikaa nyuma ya meza.

"Mgonjwa alisema nini?" mmoja aliuliza.

"Alisema hajambo."

"Nawe ukasema kinyume?"

"Nilisema alivyosema. Kisha nikasema ninavyojua."

"Ulitumwa kusema unavyojua?"

Mwatum aliambiwa arudi kwenye kazi yake, asubiri.

Alisubiri siku kumi na tisa. Usiku alikuwa akijiuliza kama kweli alisikia "itai", au moyo wake ndio uliomsikilizia. Sokoni alipoamkiwa na mtu asiyemjua vizuri, alijiuliza anatakiwa nini. Aliacha kusikiliza hata redio ndogo aliyotoka nayo Kobe, majirani wasije wakasema ana habari na watu wa nje.

Ueda mwenyewe, alipopata nguvu za kukaa, aliomba karatasi akaandika maelezo yake kurasa mbili. Yakapelekwa ghorofani. Wakubwa wakayatazama juu chini, wakamwita mtu pekee aliyeweza kuyasoma.

"Nikawaambia, waheshimiwa, haya yananitetea mimi, nami ndiye nikufasirieni? Mtaniamini vipi?" Anacheka kidogo, kisha anaacha. "Mmoja akasema, basi kaa nayo."

Kilichomsaidia ni barua ya Daktari Matar, aliyoiandika kwa mkono na kuipeleka mwenyewe. Mwatum aliambiwa kwa mdomo kwamba shauri limekwisha, ila siku nyingine afasiri yanayosemwa tu. Maandishi hakupewa. Ueda aliondoka na meli nyingine mwezi wa Machi, akitembea mwenyewe. Akimuaga alimwinamia mpaka Mwatum akaona haya.

"Shauri limekwisha, nashukuru," anasema Mwatum. "Lakini faili la barua ya yule afisa ndilo hilo hilo lenye ombi langu la ruhusa ya safari."

Kwani anataka kurudi Kobe. Chuo kimemjibu kwamba nafasi yake ya shahada ipo hadi Septemba. Ruhusa ya kutoka nchini bado. Ameshakwenda kuuliza mara sita, na kila mara huambiwa aje wiki ijayo. Safari hii anataka kusomea ukalimani wa hospitali, kisha arudi kuwafundisha wauguzi na makarani wawili watatu wa bandarini.

"Nataka tuwe wengi. Nikisema jambo, pawe na mtu wa kunambia hapo umekosea."

Nyumbani Kikwajuni, mama yake, Bi Mashavu, anachagua mchele alioupata baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Anaitikia shikamoo ya mgeni kwa "marahaba" ndefu, kisha anasema alilonalo bila kungoja kuulizwa.

"Wiki saba, mwanangu, hakuna barua. Mie kila siku posta. Hata yule bwana wa dirishani akawa ananitikisia kichwa sijafika. Kumbe mwenzangu kalazwa. Na aliporudi namuuliza, mbona hukuandika? Anambia, mama, sikutaka kukutia wasiwasi!"

Hakumkataza kwenda. Ila ameweka sharti. Bi Tanabe ana simu nyumbani kwake, na Bi Mashavu anataka ajue kuuliza mwenyewe, barua zikikatika. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya magharibi mama na binti hukaa barazani, mama akatamka neno kwa neno: "Mwatum wa doko desu ka." Mwatum yuko wapi?

Anaitamka polepole, na ukimsikiliza hutajua kuwa hajawahi kuvuka bahari kwenda popote.

"Na wakikujibu, utafahamu?" tunamuuliza.

Bi Mashavu anaupepeta mchele, anaupuliza vumbi.

"Kanifundisha yuko skuli. Kanifundisha yuko kazini," anasema. "Nimemwambia anifundishe na yuko hospitali. Hilo bado hataki."