Anayepanda Malenge Hahami

Jumapili, saa kumi na moja na robo jioni. Ninaandika saa kwa sababu hapo ndipo nilipomuuliza Kukhu swali nililokuwa nimelibeba tangu Ijumaa, na mimi si mtu wa kuuliza. Darasani mwalimu akisema "swali?" mimi huangalia kiatu changu.

Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi, ni mama yake mama. Ametoka Bungoma kuja kuona nyumba ambayo baba ananunua nje kidogo ya Kitale. Lakini hawezi kulala kwetu. Kwa desturi yetu mama mkwe hali wala halali kwa mkwe wake, na hawaongei ana kwa ana. Wakikutana njiani mmoja hukata kona. Kwa hivyo amefikia kwa mama mdogo, ambaye bado hajaolewa, nyuma ya msikiti, na mimi ndiye ninayempelekea maziwa.

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa baba alinibeba kwa pikipiki tukaione ile nyumba tena. Muuzaji, Mzee Simiyu, alituonyesha vyumba na kisima, akasema siku hizi anaishi peke yake, mke alishaenda zake. Mimi nikazunguka nyuma. Nikakuta mama mmoja ameinama kando ya ua, anapanda mbegu za malenge. Nikamwamkia, akaitika vizuri, hata akaniuliza nasoma wapi. Baadaye Mzee Simiyu akamwambia baba, "Huyo ni wa kibarua tu." Lakini kuna katoto kalitoka kile chumba ambacho tulikuwa tumeambiwa ni cha Mzee, kakiwa na kikombe, kakamwita huyo mama "mama". Tena malenge huchukua miezi kukomaa. Na Jumatatu ndiyo kuandikishana kwa wakili, baba atoe pesa. Sasa mtu wa kibarua anampandia nani malenge, kwa nyumba ambayo iko karibu kuuzwa?

Sikumwambia mtu. Tumekuwa wapangaji tangu nizaliwe, na mama ameshashona mapazia. Nilimwona akiyapima kwa mikono huku akicheka peke yake. Ningeanzia wapi?

Kukhu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini, akapangusa mdomo, akaanza. Ninayaandika kama alivyoyasema, yasije yakanipotea.

"Kuna asubuhi moja ambayo haijaniacha mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa mke mchanga, mama yako bado wa mgongoni. Babu yako alipata mnunuzi, mtu wa Webuye, aliyetaka kipande chetu cha chini. Babu yako hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Alitaka ng'ombe wa maziwa tu, na mwanamume akishampenda ng'ombe masikio huziba. Akaniambia, 'Kesho tunaenda bodi ya ardhi. Watakuuliza kama umekubali. Wewe inamisha kichwa tu.'

"Unajua shamba la kulima haliuzwi bila bodi kukubali, na bodi huita mke. Wengine walikuwa wanapeleka dada zao wasimame mahali pa mke, ati mzee wa bodi atajuaje. Babu yako angalau alinipeleka mimi mwenyewe.

"Basi nikasimama mbele yao. Mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba, kofia kubwa kuliko kichwa. Akaniuliza, 'Mama, unajua kinachouzwa?' Nikainamisha kichwa. 'Na umekubali?' Nikainamisha tena. Akavua ile kofia, akaiweka mezani. Akasema, 'Mama, hata mbuzi huinamisha kichwa, na anapelekwa kuchinjwa. Mimi nimeuliza mtu. Kunyamaza kwako ni adabu ukiwa kwa wakwe. Hapa kunyamaza ni kuuza. Haya, niambie, mpaka unapita wapi?'

"Watu wakacheka. Nilitaka ardhi inimeze, ile ile waliyokuwa wakiiuza. Lakini swali lenyewe likanishika, maana jibu sikuwa nalo. Nikasema kwa sauti ya kifaranga, 'Hata mimi nataka kujua, mzee. Chemchemi yetu iko upande gani?' Babu yako akamwangalia mnunuzi. Mnunuzi akaangalia dari. Kumbe kwa ule mchoro wa mpimaji, chemchemi ilikuwa imeenda na mnunuzi, na njia yake pia. Babu yako hata yeye hakuwa anajua. Mwenyekiti akatuambia, 'Rudini nyumbani mkaongee, ndipo mje.'"

"Alikasirika?" niliuliza.

"Wee! Alitangulia njia yote, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Tulipofika kwa chemchemi akasimama, akanywa maji, akasema, 'Si ungeniuliza nyumbani, bana.' Nikamwambia, 'Nyumbani uliniambia niinamishe kichwa.' Alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Kuuza tuliuza baadaye, lakini upande wa juu. Maji yale tunayanywa mpaka leo."

Hapo mdomo wangu ukafunguka, sijui ni kwa nini kwa Kukhu hunifungukia. Nikamuuliza, kama baba analipa na mke hajakubali?

"Basi baba yako atakuwa amenunua kesi, si nyumba."

"Hata kama taito, ile hati ya ardhi, ina jina la Mzee Simiyu peke yake?"

"Jina ni la mmoja, nyumba ni ya walio ndani. Sheria inataka mke aandike kwamba amekubali."

"Na kama jina ni la mtu aliyekufa?"

"Marehemu hauzi, mwanangu. Watoto wake waende kortini kwanza, wapewe ruhusa."

"Lakini si wakili atajua?"

"Wakili mzuri atauliza. Lakini akiambiwa hakuna mke, atamtoa wapi? Yeye hakuzunguka nyuma ya nyumba."

Nikamwambia, "Basi mwambie baba."

Aliniangalia kana kwamba nimemtuma sokoni bila leso. "Mimi? Na mkwe wangu? Tena mimi sikuona malenge yoyote. Aliyeona ni wewe."

Nikaangalia kiatu. Akanishika kidevu akakiinua.

"Mficha uchi hazai. Sikia, mwanangu. Ukinunua nyumba usianze na paa, anza na watu. Nenda ofisi ya ardhi uulize jina la nani liko pale, na kama kuna deni au zuio lililowekwa juu yake. Mpaka utembee na jirani, usitembee na muuzaji peke yake. Na yule anayepika humo ndani, kaa naye jikoni umuulize. Siku nawe ukiuza, usimfiche wa kwako, maana nyumba iliyouzwa kwa siri hulia usiku. Na usiinamishe kichwa kwa jambo usilolijua, hata mbele ya mtu unayempenda. Hasa mbele ya mtu unayempenda."

Kisha akanitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. "Mdomo wako uwe mwepesi na moyo wako uwe mzito. Upate nyumba, uzeekee ndani yake, na mlango wako usiwe umefunguliwa kwa machozi ya mtu."

Jumatatu asubuhi nilimwambia baba nataka kwenda naye. Alishangaa. "Wewe? Kwa wakili utafanya nini?" Nikasema kuona tu. Tulipitia kwa Mzee Simiyu tumchukue, tubanane watatu. Alikuwa langoni tayari, koti limepigwa pasi. Yule mama alikuwa pale pale kando ya ua, anazungushia miiba mahali alipopanda, kuku wasifukue.

Nikashuka.

"Msichana, tunachelewa," Mzee Simiyu alisema.

Nikampita. Nikamwamkia mama, halafu nikamuuliza kwa sauti ambayo baba angeisikia hata pikipiki ikinguruma, "Mama, mkihama, haya malenge mtatuachia?"

Akainuka polepole, tawi la miiba mkononi. Alimwangalia Mzee Simiyu kwanza, halafu mimi.

"Tuhamie wapi, mwanangu?"

Nyuma yangu nikasikia baba akizima pikipiki.