Kitambaa Alichochujia Dawa Yangu

Siku tatu baada ya kumzika mama, nilikuta dawa yangu imegandamana ndani ya kitambaa chake cha kichwa.

Jamani, nililia mpaka sauti ikakatika.

Ngoja niwaeleze.

Kazi yangu ni kuchanganya dawa za kupaka, chumba cha nyuma cha duka la dawa. Mama alikuwa na ugonjwa wa ngozi, miguu na vidole vyote vimechubuka. Dawa za mafuta zilimnatisha kwenye shuka, kila akiamka ni kubanduliwa.

Nikaapa nitamtengenezea ya maji, laini, inayoingia kwenye ngozi bila kusugua.

Shughuli iko kwenye poda ya kukazia, ile inayofanya maji yawe mazito. Unainyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga, halafu unaiacha ilale mpaka kesho yake, inywe maji. Ukiimwaga yote kwa pupa, inafanya madonge.

Sasa mimi! Mama anaumia nyumbani, nani wa kungoja kesho? Nikamwaga yote, nikakoroga kama mwendawazimu, nikajaza kopo, huyoo nyumbani.

"Vipi, mama?"

"Laini, mwanangu. Miguu inadeka mpaka naona aibu."

Nilivimba kichwa. Kazini bosi akachovya kidole kwenye kopo, akakunja uso.

"Wewe, hii ina chengachenga."

"Mama mwenyewe kasema laini. Anayepaka nani, wewe au yeye?"

Miezi saba nikaendelea kuimwaga vilevile kwa pupa. Kila kopo, "Laini, mwanangu."

Basi nimeshika kile kitambaa, kimejaa madonge magumu kama mchanga. Mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza, akainamisha macho.

"Alikuwa anaichuja kila asubuhi ukishaondoka. Anaikamua kwa vidole vilevile vyenye vidonda. Siku akichoka anapaka hivyohivyo, anang'ata shuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mwache, anarudi amechoka, usimvunje moyo.'"

Niliporudi kazini nikanyunyiza poda polepole, nikaiacha ilale. Asubuhi ilitoka laini, haina hata punje. Kumbe ilitaka usiku mmoja tu.

Nilijipaka mkononi, nikakaa sakafuni. Bosi akafunga mlango, akakaa pembeni yangu.

Ndugu zangu, mgonjwa wako akikwambia "nzuri", usiridhike na maneno yake. Chovya kidole mwenyewe, mpake mwenyewe, mtazame usoni.

Mimi miezi yote saba nilikuwa naleta kopo tu. Sikuwahi kumpaka mama hata siku moja.