Delia na Ukingo wa Mboji

Delia Mulchrone aliolewa kwenye nyumba isiyo na kinamasi. Kule Erris, nchi ya mvua na baridi, hilo ni balaa, maana kuni hakuna, na anayetaka moto lazima awe na mahali kinamasini pa kukata mboji, ule udongo mweusi unaokatwa matofali, ukaanikwa na kuwashwa. Asiye na pake huenda kwa mwenye pake. Kwa miaka mingi Delia alikwenda na gunia kwa jirani yao, Anthony Ginty.

Ginty hakumnyima hata siku moja. Afadhali angemnyima. Alimjazia gunia huku akiuliza, mbele za watu, kama mumewe Festy ameshaamka, na kama huko kwao Delia watu huota jua badala ya moto. Delia alitabasamu kwa shida, akabeba gunia lake, na akifika nyumbani alilibwaga chini kwa kishindo mpaka mama mkwe akashtuka kitini. Kifua cha mzee huyo, bibi Nápla, ndicho kilichomrudisha kwa Ginty kila wiki. Delia aliapa kwamba watapata kinamasi cha kwao, hata kama ni kwa kujiua kwa kazi.

Basi Festy akaenda Skotlandi kuvuna viazi, na akarudi na mshahara mzima, jambo lililowashinda wanaume wengi wa pale. Akamfuata Ginty baa, wakapatana bei, wakatemea viganja mate, wakapeana mikono. Kilikuwa kipande kidogo cha kinamasi, ukingo mmoja tu, yaani ukuta wa udongo wa kukatia mboji, lakini chao. Delia alimwuliza mumewe kama wamekubaliana kila kitu. Festy akasema kila kitu.

Mei wakakata. Festy alisimama chini na sepeto lake, na Delia akawa anadaka kila tofali bichi na kulilaza kwenye majani ya juu ya ukingo, upepo ulikaushe. Mgongo ulimuuma, lakini alikuwa anaimba. Ginty alipita kila siku na fimbo yake, akawaombea baraka za Mungu, akaenda zake. Alisubiri mpaka tofali la mwisho lilipotoka.

"Kazi nzuri hiyo," alisema. "Sasa mtaanika wapi?"

Festy alidhani anataniwa. "Si hapo hapo yalipo, bwana Anthony."

"Hapo ni malisho yangu. Mimi nilikuuzia ukingo, Festy. Majani ya juu uliyaulizia? Jumatatu naleta madume yangu ya ng'ombe yalishe hapo."

Akaongeza kwa upole kwamba yeye si mtu mbaya. Wakimpa nusu ya mboji kila mwaka, waanike wapendavyo.

Hakuna mtu aliyewahi kuuziwa ukingo bila mahali pa kuanika. Ni kama kuuziwa chungu bila kitako. Vyote viwili vinakwenda pamoja, kila mtu anajua, na kwa kuwa kila mtu anajua hakuna anayeuliza. Ginty alilijua hilo vizuri sana, mshenzi yule. Majirani nao walilijua, lakini wengi walikodi malisho kwake, na ghafla kila mmoja akawa na kazi nyingine ya kufanya.

Festy alitaka kukubali. Alisema nusu si haba, na mama hawezi kukaa bila moto. Delia alimgeukia.

"Nusu kila mwaka mpaka lini? Mpaka tufe? Gunia la yule mtu silibebi tena, Festy. Bora nibebe kinamasi chote mgongoni."

Akaleta toroli. Sehemu pekee kavu waliyokuwa nayo ni kile kishamba cha majani nyuma ya nyumba, chakula cha ng'ombe wao mmoja wakati wa baridi. Festy alisimama langoni, akauliza ng'ombe atakula nini. Delia alimwaga toroli la kwanza juu ya majani yaliyokwisha kufika magotini, akarudi kuchukua la pili, na Festy akavua koti. Walibeba mchana kutwa, na Jumapili pia baada ya misa, padri akiwaona. Madume ya Ginty yalipofika hayakukuta tofali hata moja.

Mboji ilikauka. Majani yakaoza chini yake. Septemba Ginty alikuja mlangoni, kofia mkononi, akasema amesikia ng'ombe wao anauzwa kwa kukosa lishe, na kwamba yeye atatoa bei ya kushinda mnada. Ilikuwa kweli bei nzuri. Delia alimfungia mlango usoni, akamswaga ng'ombe kwa miguu mpaka mnadani, akamuuza kwa mtu baki kwa bei ya kutupa. Njia nzima ya kurudi alilia kwa hasira. Ukimwambia leo kwamba ilikuwa huzuni, atakutukana.

Baridi hiyo hakuna aliyemwona Delia na gunia. Moto uliwaka kutwa, bibi Nápla akasogeza kiti karibu, na kikohozi kikapungua. Jioni moja alipewa chai, akaitazama kikombeni, nyeusi tii.

"Delia mwanangu, maziwa yako wapi?"

Delia alikuwa amechuchumaa mbele ya meko, akiongeza tofali.

"Maziwa ndiyo hayo yanawaka, mama," alisema. "Sogea uote."