Majina ya Bonde la Puge

Mtakaosema ni jua lilinipiga kichwani, semeni. Nilikuwepo, nyinyi hamkuwepo, na hapa siongezi neno wala sipunguzi.

Mimi ni mzaliwa wa Gongoni, Tabora mjini, kwenye familia ya Kiarabu ya wafanyabiashara. Kinyamwezi sikijui zaidi ya salamu. Nilipata kazi ya muda ya kukusanya majina ya mahali kwa ajili ya ramani: unauliza hapa panaitwaje na kwa nini, unarekodi kwa simu. Siku hiyo nilikuwa Puge, kwenye bonde lililopitiwa na njia ya zamani ya misafara. Kwenye orodha yangu bonde zima lilikuwa na maneno mawili tu: Eneo Wazi. Lilikuwa linasubiri kukatwa viwanja.

Mwanamke mmoja alinijia kutoka upande wa majaruba ya mpunga, kajifunga kaniki, miguu vumbi tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe unayeandika?"

"Ndimi."

"Basi andika."

Nikawasha simu, tukatembea. Alinionyesha kisima kilichofukiwa, jiwe la kunolea mashoka, mahali wapagazi walipokuwa wakitua mizigo. Kila mahali alitaja jina kwa Kinyamwezi, kisha maana kwa Kiswahili. Mwisho akasimama penye nyasi fupi.

"Hapa ni Itongo. Mahame. Ndui ilipoingia kwenye msafara, wagonjwa tuliachwa hapa."

Tuliachwa? Nilidhani nimesikia vibaya. Nikainama kusoma namba za mahali kwenye simu. Kuinua macho, hakuna mtu. Bonde tupu lile, niambieni, angejificha wapi? Nilitoka mbio, na sioni haya kusema.

Jioni nilimpelekea mwenyekiti wa kijiji, mama wa makamo, ile rekodi anisaidie kuyaandika majina sawasawa. Tukasikiliza. Wallahi, sauti ya yule mwanamke haikuwamo. Iliyokuwamo ni yangu, peke yangu, nikitaja majina yote kwa Kinyamwezi safi, bila kukwama hata mara moja.

Mwenyekiti alijishika kinywa. "Haya aliyajua marehemu bibi yangu tu. Nani kakufundisha, mwanangu?"

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?

Msimamizi wetu wa kazi ya ramani, nilipomsimulia, alicheka kwanza, halafu akakasirika. "Futa. Hatuchori mashetani hapa."

"Sifuti."

"Basi na mkataba wako umekwisha."

"Na uishe."

Niliyachapa majina yote, mwenyekiti akapiga muhuri, wanakijiji wakaenda nayo kwenye mkutano wa ardhi. Watu wakabisha, wakatukejeli. Lakini wapimaji walipochimba kuweka jiwe la mpaka pale Itongo, ilitoka mifupa ya watu. Kazi ya kukata viwanja ikasimama hadi leo.

Kinyamwezi bado sikijui. Ila usiku nikilala huyataja majina yale yote, moja baada ya jingine, na mume wangu hunifunika shuka akageukia ukutani. Mama yangu kaniletea masheikh wawili wanisomee. Niliwapa chai, nikawaambia kwa adabu: msiniondolee majina haya.

Nawe unayekwenda kupima ardhi ya watu, ukiambiwa mahali hapana jina, usikubali. Uliza tena, uliza mlango wa pili na wa tatu. Ukiona uvivu, ujue wenyewe wapo, na watakufuata kukuambia wao.