Barua ya Mtoto Aliyechaguliwa

Shwaa, shwaa, shwaa. Kama mtu anayefagia sakafu ya saruji kwa haraka, wageni wakiwa wamekwisha kufika mlangoni. Sauti hiyo Nyanchoka hajaweza kuitoa masikioni tangu Machi, siku aliyompeleka binti yake Sheila kupimwa Homa Bay. Phelesia, afisa wa kliniki, alimpaka msichana mafuta baridi kifuani, akapitisha juu yake kifaa kinachotoshana na mashine ya kunyolea, kilichounganishwa na simu kwa waya, kisha akaongeza sauti.

"Huo ndio moyo?" Nyanchoka aliuliza.

"Ni damu ikipita ndani ya moyo, mama."

"Mbona inapita kwa kelele hivyo?"

Phelesia aligeuza simu ili mama aone. Kwenye kioo kulikuwa na kitu cheusi kinachokunjuka na kukunjamana, na katikati yake vipande viwili vyeupe vilivyojaribu kuachana vikashindwa.

"Hii ni vali. Ilipaswa kufunguka kama mlango. Kwake imeshikana, imebaki upenyo tu. Damu inajibana hapo ndipo ipite." Akazima sauti. "Aliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

"Akiwa na miaka minane. Magoti yalipona."

"Magoti yalipona, ndiyo. Moyo ulibaki na jeraha." Phelesia alipangusa kifaa polepole. "Vali bado ni laini kiasi. Inaweza kufunguliwa kwa puto, bila kisu. Tukichelewa ikawa ngumu, itabidi kifua kipasuliwe. Huyu anasoma wapi?"

"Kosele."

"Kosele?" Phelesia alikunja uso. "Lakini shule za huko zilipimwa zote, miaka sita iliyopita. Hakuna aliyewaambia kitu?"

Hapo ndipo Nyanchoka alipoikumbuka barua.

Ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Kisii, akaolewa na Ogeto, fundi wa viatu, wakaanza maisha Migori katika chumba kimoja, na Sheila akazaliwa humo. Sheila alipotimiza miaka mitano, Nyanchoka alihamishia biashara yake ya ndizi na nyanya Kosele, ambako wauzaji wa ndizi walikuwa wachache. Ogeto alibaki Migori na nyundo yake, akawa anakuja kila Ijumaa. Tangu siku hiyo kibanda cha Nyanchoka hakijasogea hata hatua moja. Ukitoka lango la zahanati, unavuka barabara, unapita kinu cha unga, unamkuta. Ameketi hapo akiwa na mimba iliyoharibika, akiwa na malaria, akiwa na msiba wa mamake. Anapanga nyanya kwa mafungu ya tano tano, ile yenye kovu ikiwa juu, mteja aione. Hafichi kovu chini. Hilo analijua kila mtu sokoni.

Wanajua pia kwamba Ijumaa saa kumi jioni hufunika meza kwa gunia. Ni Msabato, na jua likizama hataki limkute na mizani mkononi. Jirani yake Marcella, anayeuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, ndiye humpigia mbiu: "Nunueni haraka! Nyar Kisii anaingia mbinguni sasa hivi, harudi mpaka Jumapili!" Nyar Kisii, binti wa Kisii. Ndivyo wanavyomwita.

Barua ililetwa na Sheila mwenyewe kwenye mkoba wa shule, akiwa darasa la tatu. Wiki ile wauguzi walikuwa wamepita shuleni na vifaa vyao vidogo, wakawapima watoto wote vifua, watoto wakacheka kwa sababu mafuta yalikuwa baridi. Barua ilisema: *Mpendwa mzazi, mtoto wako amechaguliwa kuendelea na hatua ya pili ya utafiti wa afya ya moyo kwa watoto wa shule. Unaombwa umlete Homa Bay siku ya Jumamosi. Kushiriki ni kwa hiari yako.*

Amechaguliwa! Nyanchoka aliisoma mara mbili, akaivukisha upande wa pili wa meza. Marcella naye akatoa ya kwake kifuani, imekunjwa mara nne. Mjukuu wake, Lynnet, alikuwa amechaguliwa pia.

"Watoto wetu wana akili," Marcella alisema. "Hawa watu wa utafiti hawachagui ovyo. Utaona, watalipiwa hadi chuo."

"Wako ana akili ya omena."

"Omena ina akili kuliko ndizi! Ndizi inangoja kuvunwa, omena lazima uifuate ziwani."

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha kila mmoja akafanya alivyoona inafaa. Jumamosi ndiyo siku omena inapokwenda vizuri, na barua ilisema ni hiari, kwa hiyo Marcella hakwenda. Nyanchoka alimwomba mwalimu awaambie watu wa utafiti kwamba atamleta Sheila siku nyingine yoyote isipokuwa Sabato. Mwalimu alisema ameandika. Nyanchoka alingoja. Alingoja mwezi, mwaka, akiwa kwenye kibanda kilekile, akaikunja barua ndani ya kitabu chake cha nyimbo, ukurasa wa katikati, kama mtu anavyohifadhi cheti.

Kwa Wasabato mgonjwa hupelekwa hospitali hata siku ya Sabato, hata katikati ya ibada. Wanaume wa kanisa wamewahi kumbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa mahubiri yakiendelea. Mzee wa kanisa, Elkanah, alimwambia hivyo mwaka huu, kwa upole uliomchoma: "Dada, kwa nini hukuniuliza? Ningekuendesha mimi mwenyewe."

"Ningekuuliza nini, mzee? Ningekuambia mtoto amechaguliwa, ungesema nini?"

Elkanah alifikiri. "Ningesema shughuli za mradi zingoje Jumatatu."

"Basi."

Miaka ikapita juu ya moyo wa Sheila. Akiwa na kumi na mbili aliacha kuruka kamba. Akiwa na kumi na tatu alianza kukohoa, na zahanati moja ya Migori ikasema ni pumu, ikampa pampu ya kuvuta. Nyingine ikasema nimonia. Nyingine ikamwambia Nyanchoka kwamba wasichana wa umri huo hupenda kujilegeza. Akiwa na kumi na nne alianza kulala ameketi, mgongo ukutani, maana akilala chali anazama kama aliye majini. Miaka miwili ya pampu! Miaka miwili, na katika vyumba vyote hivyo vyenye mizani na makabati hakuna aliyeweka chombo kifuani mwake akasikiliza kwa dakika nzima.

Phelesia alimwandikisha Sheila katika orodha ya puto, akamwanzishia sindano ya kila wiki nne. Agosti akampigia Nyanchoka simu: timu ya utafiti ilikuwa inarudi kuwaeleza wazazi matokeo, katika hoteli moja Homa Bay. Daktari mkuu atakuwepo, huenda akaisukuma ile orodha. Nyanchoka alifunika meza siku ya Jumatano, jambo ambalo halijawahi kutokea. Marcella akafuatana naye, kwa sababu, alisema, mkutano wa daktari haukosi chai.

Ukumbi ulikuwa ghorofani. Ngazi ishirini na mbili, na hakuna lifti. Mkutano wa moyo! Sheila alipanda tatu, akashika ukuta, midomo ikageuka rangi. Nyanchoka akamrudisha chini, akamketisha kwenye benchi la mapokezi, akapanda peke yake, na kila ngazi ikamwongezea hasira.

Daktari Nicanor alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti nzuri. Alieleza vizuri, hilo hakuna atakayemnyima. Alisema zamani kuona vali kulihitaji mashine kubwa na bingwa wa mjini. Sasa muuguzi aliyefundishwa kwa wiki chache anaweza kuiona shuleni, na kifaa kipya wanachojaribu kinaisoma picha chenyewe na kumwambia muuguzi mtoto yupi wa kuangaliwa tena. Alisema watoto waliogunduliwa mapema wakachomwa penisilini kila wiki nne, wengi wao vali hazikuendelea kuharibika. Watu wakapiga makofi. Kisha ikaja picha yenye nguzo za rangi.

"Na hawa arobaini na mmoja," alisema, akitembeza taa nyekundu, "hawakupatikana kwa kipimo cha pili. Wengine walihama, wengine wazazi hawakuitikia. Ndiyo hali ya tafiti nyingi." Akabonyeza, picha ikapita.

"Rudisha," Nyanchoka alisema.

"Maswali ni mwishoni, mama."

"Mwisho wa nini? Rudisha hiyo picha."

Marcella alimvuta sketi. "Nyar Kisii, keti. Chai bado."

"Sitaketi. Daktari, mimi ni mmoja wa hao wako. Naitwa Nyanchoka, nauza ndizi Kosele, mkabala na zahanati, mwaka wa kumi huu. Yule kijana wako wa shati la buluu, ndiyo, wewe, usiangalie nyuma. Mlipokuja shuleni alinunua ndizi kwangu, akadai nimwongeze moja, nikamwongeza. Ndizi alizipata. Mimi ndiye sikupatikana?"

Watu walicheka, kisha wakaacha.

"Barua zilitumwa," daktari alisema.

"Ninayo." Alikitoa kitabu cha nyimbo, akaifungua barua, akaisoma yote kwa sauti ya kumfikia mteja ng'ambo ya barabara. "Nionyeshe hapa palipoandikwa mgonjwa. Moyo, nimeona. Afya, nimeona. Kuchaguliwa, nimeona, hata nikajivuna sokoni! Mgonjwa iko wapi?"

"Mama, wakati ule hatukuwa na uhakika. Kipimo cha kwanza huonyesha shaka tu. Maneno ya barua yalipitishwa na kamati. Haturuhusiwi kuwatisha wazazi."

"Kunitisha!" Sauti ilimpasuka. "Mlinihurumia nisitishike! Binti yangu analala ameketi kama bawabu, mimi nakesha namsikiliza kama bado anavuta, na wewe uliogopa kunitisha? Sindano unayoisifu iko Kosele. Maboksi yanashushwa mbele ya ndizi zangu. Miaka sita dawa imelala upande ule wa barabara na mtoto upande huu! Umesema mmepata mashine ya kusoma moyo. Asante. Ya kuandika barua mtaipata lini?"

Aliinua barua juu ukumbi mzima uione.

"Soma majina ya hao arobaini na mmoja," alisema.

"Siwezi. Ni siri ya mgonjwa."

"Siri! Mmemficha nani? Mwenye moyo?"

Hapo Marcella aliiachia ile sketi. Alikuwa ametazama barua mkononi mwa mwenzake, ile mikunjo, ule muhuri, na uso wake ukabadilika. "Lynnet," alisema, bila kumwambia yeyote. "Lynnet wangu anakimbia. Kule shule ya Lambwe wamemtia kwenye mbio ndefu." Alisimama, kiti kikaanguka, akashuka ngazi simu ikiwa sikioni, na ukumbi mzima ukamsikia akipaza sauti: "Mwalimu? Mwalimu, msimwache akimbie! Hapana, leo! Mkalisheni chini!"

Chai ililetwa. Nyanchoka hakuinywa. Alishuka, akaketi kando ya Sheila. Marcella alikuwa nje akitafuta gari la kwenda Lambwe. Sheila, aliyekuwa amechoka kwa zile ngazi tatu, alimwegemea mamake begani, akasinzia.

Baada ya muda daktari alishuka, bila taa yake na bila kijana wa shati la buluu. Alichuchumaa mbele ya benchi, akautazama mshipa uliokuwa ukirukaruka shingoni mwa msichana, akahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Akapiga simu mbili. Ya pili ilichukua muda.

"Wamempa nafasi," alisema. "Watapitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi kwenye moyo, wajaze puto, vali iachane. Ni tarehe ishirini na tatu." Akasita. "Lakini ni Jumamosi."

"Mtatukuta mlangoni."

"Pole, mama. Ile barua niliiandika mimi."

Nyanchoka alimtazama. Alikuwa na mengi ya kumwambia bado, na mengine ya kujiambia mwenyewe, yule mama aliyejivuna. "Pole hiyo niwekee. Kuna wengine arobaini."

"Nitapeleka maombi kwa kamati. Itachukua kama miezi mitatu…"

"Kalamu unayo mfukoni."

Daktari aliishika kalamu. Ilikuwa na jina la mradi ubavuni. Alitafuta karatasi, akapata nyuma ya ratiba ya mkutano, akaiweka juu ya goti. "Niandike nini?"

Sheila alijisogeza usingizini. Ile pumzi fupi ilikatika, ikarudi. Nyanchoka alimngoja atulie, akamfunika bega kwa kanga, kisha akainama karibu na sikio la daktari ili asimwamshe.

"Andika: huenda moyo wa mtoto wako ni mgonjwa. Mlete."