Kufuli la Mlango wa Nyuma

Mama Misumari alipewa jina hilo na mafundi waashi, kwa kuwa kila walipoingia dukani walimkuta mikono yake imo kwenye madebe ya misumari, anachambua. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyepandisha sauti hata mteja akimtolea maneno ya ovyo. Mwenzake katika duka lile la vifaa vya ujenzi aliitwa Kinyozi, mwanaume mwembamba mwenye domo, aliyekuwa akinyoa watu kabla ya kuja kubeba saruji. Mpaka sasa Jumapili alikuwa akiwapitishia majirani wembe, na hakuwahi kumkata mtu hata sikio.

Mwenye duka walimwita tajiri. Kila asubuhi tajiri alifanya mambo mawili kabla ya kwenda kwenye shughuli zake nyingine. La kwanza, alitundika mapanga mapya kwenye fito za mlango wa mbele, yang'ae, yawavute wapita njia. La pili, alikwenda mpaka mwisho wa duka, nyuma ya rundo la mabati, akaufunga mlango wa nyuma kwa kufuli, kisha akatia ufunguo mfukoni.

"Tajiri, si utuachie ufunguo?" Mama Misumari alimwambia tena asubuhi ile. "Duka la viatu pale jirani walivamiwa juzi. Wale angalau walipata pa kukimbilia."

"Ili saruji yangu ipitie huko nyuma? Mama, sikuzaliwa jana."

"Na mapanga je? Tuyaweke huku ndani ya kaunta."

"Nani atanunua panga asiloliona? Uzeni, acheni woga."

Tajiri akaondoka. Kinyozi akaiga sauti yake, "Uzeni, acheni woga," huku amebinua tumbo ambalo hakuwa nalo. Mama Misumari akacheka mpaka akafuta machozi.

Jua lilikuwa limepanda vizuri walipoingia wanaume watatu. Mmoja alivaa kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Akatungua panga mlangoni, akalipapasa makali.

"Hili linakata?"

"Linakata mpaka kauli, kaka," Kinyozi akajibu.

"Hebu tuone."

Akampiga nalo begani. Kinyozi hakupiga hata kelele. Alilitazama bega lake kama mtu aliyemwagiwa chai, halafu shati likageuka jekundu lote upande mmoja. Wale wawili nao wakatungua mapanga yao. Wahuni wale walikuja mikono mitupu, na duka likawapa silaha.

"Droo!" mmoja akapiga kelele. Mama Misumari akaifungua, akaisukuma yote. Wakakomba kilichokuwamo. Mambo yangeishia hapo, lakini Kinyozi, kwa kiwewe, alikwisha kimbilia nyuma, akawa anavuta ule mlango uliofungwa, damu yake ikipaka mbao.

Mwenye kofia akamfuata. Akaliona kufuli, kubwa kama ngumi, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe! Mnaficha nini humu? Hela kubwa ziko huku, siyo?"

"Ni uchochoro tu, kaka. Ni njia ya nje."

"Njia ya nje inafungwa kwa ndani? Toa ufunguo!"

"Anao tajiri!"

"Tajiri, tajiri! Weka mkono hapo."

Wakaubana mkono wa kulia wa Kinyozi juu ya mabati. Panga likashuka, na bati likalia kama sahani iliyoanguka. Vidole viwili vikabaki pale. Kinyozi sasa akalia, kilio cha mnyama. "Ufunguo!" Panga likainuliwa tena.

Mama Misumari hakujua nyundo ilifikaje mkononi mwake. Aliliona goti la mwenye kofia, akalipiga kwa nguvu zake zote, akasikia kitu kikivunjika ndani. Mtu yule akaanguka akitukana. Mwenzake akamgeukia mama, akamchapa kwa bapa la panga usoni, meno mawili yakamtoka. Nje wapita njia walikwisha anza kupiga mayowe. Wahuni wakamburuta mwenzao, wakatokomea.

Hospitalini, tajiri alikuja na mfuko wa machungwa. Alimkuta Mama Misumari ameketi kando ya kitanda cha Kinyozi, uso umevimba, na mke wa Kinyozi amejiinamia.

"Poleni sana. Ni mipango ya Mungu," tajiri akasema. "Kesho kutwa tunafungua."

"Na ule mlango?" mama akauliza. Maneno yalitoka kwa shida.

"Mlango una kosa gani? Mwenye kosa ni mwizi."

"Mwizi alikuja na ubaya wake. Lakini panga alilikuta limetundikwa, na sisi alitukuta tumefungiwa. Usimsingizie Mungu, tajiri. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako."

"Mama, kazi unaitaka au huitaki?"

Aliitaka. Nyumbani alikuwa na wajukuu na mume mgonjwa, na tajiri alilijua hilo vizuri.

Siku ya kufungua, mabati yalikuwa yameoshwa, ila kwenye mikunjo palibaki weusi. Tajiri akatundika mapanga. Akaenda nyuma, kufuli likalia: ka. Mafundi waashi kadhaa walikuwa wakisubiri kwenye kaunta.

Mama Misumari akachukua nyundo, ileile. Akawapita mafundi, akampita tajiri, akasimama mbele ya mlango.

"Unafanya nini wewe?"

Akapiga. Akapiga tena. Tajiri akamshika mkono, na fundi mmoja akasema taratibu, "Muache mama, tajiri." Pigo lililofuata likalivunja kufuli, likadondoka. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia mpaka kwenye madebe ya misumari.

"Umejifukuza kazi!" tajiri akafoka.

Mama Misumari akausukuma mlango ukafunguka wote. Akatoka kwa mlango ule, wote wakamsikia akikanyaga takataka za uchochoroni. Tajiri alikuwa bado ameshika kiuno pale mama alipotokea mlango wa mbele, anahema, akiyatungua mapanga moja moja na kuyakumbatia kifuani.

"Uchochoro unapitika," akasema.

Akayalaza chini ya kaunta. Halafu akachukua komeo rafuni, lile linalofungwa na kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo, akamkabidhi fundi aliye karibu. "Nipigilie, mwanangu."

"Hilo komeo ni la kuuza!" tajiri akasema, lakini sauti ilikwisha pungua.

"Basi ukinifukuza, nikate bei yake kwenye mshahara," mama akasema, akainama kwenye debe kumchagulia fundi misumari.

Tajiri alizungusha macho kwa mafundi. Hakuna aliyekuwa akinunua. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Akautoa ufunguo mfukoni, akaugeuzageuza, akauweka juu ya kaunta.

Fundi akaanza kugonga.